Neno “Sijachagua” Lina Tarehe Yake

Kama bado mmenuniana kwa ile mada yetu ya simu za mkononi, basi leo sitatia chumvi kwenye kidonda. Leo naomba tuzungumze habari za masomo. Usigeuze ukurasa! Najua umezoea kukuta hapa habari za wivu, mahari na mawifi, lakini vumilia kidogo. Mapenzi yamo humu tele, na machozi yamo pia, tena mengine ni yangu mwenyewe.

Majuzi nilikwenda nyumbani Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu. Shangazi naye akaja kutoka Mombasa na msafara wake, si mnajua harusi za kwetu mpaka wa Horohoro hauzuii kitu. Alikuja na binti yake wa mwisho, na mchumba wa binti naye akafuatana na wajomba. Binti ana miaka 20, kichwa chake kizuri darasani, na amepata nafasi pamoja na msaada wa karo katika chuo kimoja kidogo huko Marekani. Mchumba ana miaka 27, ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha pale bandarini. Kijana mtulivu, anaongea kwa mpangilio. Posa imeshapokelewa, bado ndoa.

Usiku baada ya harusi, vyombo vimeshaoshwa na wazee wamelala, tukakaa barazani sisi watatu tunakunywa kahawa. Kijana akakohoa kidogo, akaanza:

“Shemeji, wewe ulisoma huko. Hebu nisaidie. Kila nikimuuliza mwenzangu anakwenda kusomea nini, ananijibu ‘sijachagua’. Sasa mtu anaaga kwao, anapanda ndege, miaka minne, na hajui anakwenda kusoma nini?”

Binti akainamisha uso. “Lakini dada, si ndivyo kilivyo chuo chenyewe?”

“Chuo gani kisichokuwa na somo?” kijana akauliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mimi naona kama na hata mimi hajanichagua.”

Jamani, maneno yale yalinichoma. Maana miaka zaidi ya 20 iliyopita mimi nilisimama pale pale aliposimama binti huyu, nikaona aibu kusema “sijachagua”, nikasema uongo mdogo. Na uongo ule ulinigharimu mtu.

TUMELELEWA NA KOMBI

Kwanza nilimweleza shemeji kwamba kushangaa kwake si ujinga. Sisi tumelelewa na kombi. Kijana anamaliza kidato cha nne, anaambiwa wewe PCB, wewe HGL, na tangu hapo njia yake imeshapigwa lami: huyu wa hospitali, huyu wa mahakamani. Akifika chuo kikuu anaingia kwenye fani moja na humo humo anatokea. Kenya nako mtoto anajaza fomu ya kozi yake kabla hajaliona hata lango la chuo. Kwa hiyo mtu akisema anakwenda chuo bila somo, tunamshangaa kama aliyekwenda sokoni bila kikapu.

Sasa hivi vyuo ninavyovisema mimi ni vyuo vya elimu pana. Marekani viko vingi: Amherst, Williams, Swarthmore, Grinnell, Carleton, Mount Holyoke, na vingine tele. Ni vyuo vidogo, vingi havifikishi wanafunzi 3,000, na kazi yao kubwa ni shahada ya kwanza. Madarasa ni ya watu wachache na mwalimu anakujua kwa jina. Huko kwa kawaida huombi nafasi ya fani fulani. Unapokewa na chuo kizima. Mwaka wa kwanza na wa pili unaonja huku na huku: hesabu, historia, kemia, uchoraji, lugha ambayo hujawahi hata kuisikia. Halafu inafika siku, kwa kawaida kabla ya mwaka wa pili kwisha, unatakiwa utangaze somo lako kuu kwa maandishi. Somo kuu hilo linakula kama theluthi ya kozi zako zote, wakati mwingine zaidi. Zinazobaki ni zako, ukijua kuzitumia.

Kwa hiyo, shemeji, “sijachagua” si dalili ya mtu asiyejitambua. Ni hatua ya kwanza ya mpango wenyewe. Lakini hilo tisa, kumi ni hili: neno hilo lina tarehe yake ya mwisho. Anayekwenda anaijua tarehe hiyo, au anapaswa kuijua. Anayebaki haijui. Na matatizo yote yanaanzia hapo.

UONGO WANGU MDOGO

Niliondoka Tanga Agosti 2003. Nilikuwa na mwenzangu, karani wa benki, mtu mpole, aliyenipenda kweli. Jioni ya kuniaga alinipeleka Raskazoni tukakaa tukitazama bahari. Akaniuliza nakwenda kusomea nini. Kwenye fomu ya chuo, pale penye somo, nilikuwa nimeandika kwamba bado sijaamua, nao wakaipokea vizuri tu. Lakini mbele yake niliona nitaonekana mtoto. Nikamjibu, “Uchumi.”

Nilisema uchumi kwa sababu lilikuwa neno la watu wenye kazi. Papo hapo akaanza kupanga: nitarudi likizo ndefu ya mwaka wa pili, nitamaliza 2007, benki yao inaajiri wachumi, tutapanga nyumba Chumbageni. Mpango mzuri kabisa. Kasoro yake moja tu, ulijengwa juu ya neno ambalo mimi mwenyewe sikuliamini.

Chuo changu kilikuwa katika jimbo la Iowa. Muhula wa kwanza nilichukua uchumi kweli, na semina ya kuandika, na Kifaransa. Kozi ya nne nikachukua jiolojia, na sababu naona haya kuitaja: ilianza saa nne asubuhi, nami baridi ya kule sikuiweza. Wiki ya tatu mwalimu akatupeleka kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, akanipa kipande mkononi. Kimejaa makombe ya baharini na matumbawe! Katikati ya Iowa, mahali ambapo bahari haipo upande wowote. Nikakumbuka mapango ya Amboni, tulikopelekwa na shule nikiwa darasa la tano, tukakimbizana na popo bila hata mmoja wetu kuuliza lile jiwe lenyewe lilitoka wapi. Nalo ni chokaa. Nalo liliwahi kuwa chini ya bahari. Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya baridi.

Lakini kwenye simu nikaendelea kusema, “Uchumi unaendelea.” Na kweli ulikuwa unaendelea, kwa alama za kusuasua.

Machi 2005 nikatangaza somo langu kuu: jiolojia. Nikasaini mimi, akasaini mshauri wangu wa masomo. Watu wawili tulijua. Wa tatu, aliyekuwa anahesabu miezi kule Tanga, hakujua.

Jiolojia nayo ina mambo yake. Inataka kemia na hesabu, ambazo mwaka wa kwanza sikuzigusa, kwa hiyo ikabidi nizibebe zote kwa pamoja baadaye. Tena ina kambi ya porini, wiki kama sita za likizo, mnalala kwenye mahema na kuchora ramani za miamba. Kambi hiyo ikaangukia likizo ile ile niliyoahidi kurudi nyumbani. Nauli niliyokuwa nimeidunduliza kwa kazi ya maktaba ikaenda huko. Na mimi sikumwambia. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kumwambia. Kadi za simu ghali, barua pepe mpaka mtu aende intaneti kafe, kisingizio hakikosekani.

Akaja kuambiwa na mama yangu, sokoni, kwa nia njema kabisa: “Mwenzio haji mwaka huu, amekwenda kusoma mawe.”

Alinipigia siku hiyo hiyo. Hakufoka. Alisema, “Mawe sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni kwa nini mimi nimekuwa wa mwisho kujua.” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tuliburuzana miezi michache, kisha akaniomba tuachane. Mwaka 2006 akaoa. Tukikutana Tanga tunasalimiana vizuri, naulizia watoto, ananiulizia mume wangu.

Msomaji wangu, mawe siyajutii hata kidogo. Ugali wangu unatoka humo, napima mahali pa kuchimba visima vya maji, na kazi yangu naipenda. Ninachojutia ni lile neno “uchumi”, na miezi yote niliyomwacha mtu akajenga juu yake.

KARATASI YENYE VISANDUKU NANE

Basi nikaingia ndani nikachukua karatasi kubwa, ile ya kufungia zawadi za harusi, nikaigeuza upande mweupe. Nikachora visanduku nane kwa mstari. Vyuo vingi vya aina hii vinakwenda kwa mihula minane, kozi nne kila muhula, jumla 32. Ndivyo ilivyo Amherst na Swarthmore. Vingine vina mtindo wao: Carleton mwaka una vipindi vitatu vya wiki 10, na Colorado College mwanafunzi anasoma kozi moja tu kwa wakati mmoja, wiki tatu na nusu, kisha anahamia nyingine. Kwa hiyo kabla hujachora, uliza chuo chako kinahesabuje.

Haya, tukaanza kujaza. Na wewe uliye na mdogo wako, mchumba wako au mwanao anayekwenda, chukua kalamu.

Kisanduku cha kwanza. Kozi nne, na kila moja iwe na kazi yake. Moja ya kujifunza kuandika, kwani vyuo vingi vina semina maalumu ya mwaka wa kwanza. Grinnell, kwa mfano, somo pekee linalolazimishwa kwa kila mtu ni semina hiyo, na mwalimu wake ndiye anakuwa mshauri wako mpaka utangaze somo kuu. Kozi ya pili iwe kitu unachokiweza, upate moyo. Ya tatu iwe kitu usichokijua kabisa. Ya nne iwe ya ngazi, na hii ndiyo naomba uishike.

Masomo yako ya aina mbili. Kuna masomo ya milango, unaweza kuingia mwaka wowote: historia, fasihi, elimu ya jamii. Na kuna masomo ya ngazi: kemia, fizikia, hesabu, lugha. Huwezi kukanyaga kipandio cha tatu kabla ya cha kwanza. Ukiwa na hata chembe ya wazo la sayansi, anza hesabu au kemia muhula wa kwanza au wa pili. Ukiahirisha mpaka mwaka wa tatu utajikuta unapanda ngazi nzima kwa mkupuo, kama mimi. Anayeanza na ngazi anaweza kuhamia kwenye milango bila taabu. Anayetoka kwenye milango kwenda kwenye ngazi, kazi anayo.

Kisanduku cha pili na cha tatu ni vya kuonja kwa nia. Vyuo vingine vinakutaka uguse kila upande: sayansi, sanaa, jamii, lugha. Amherst wao, ukiacha semina ya mwaka wa kwanza na masharti ya somo lako kuu, wanakuachia mwenyewe. Usidhani huo uhuru ni raha tupu. Mtu asiye na mpango anaweza kumaliza mwaka mzima akiokota okota. Kila mwisho wa muhula jiulize: kazi ya somo gani niliifanya kwanza bila kusukumwa? Andika jibu. Mihula mitatu ikitoa jibu lile lile, umeshachagua, bado kutangaza tu.

Kisanduku cha nne nilikizungushia kalamu nyekundu. Hapa ndipo “sijachagua” inapokwisha. Nikamwambia binti aangalie kalenda ya chuo chake, aandike tarehe yenyewe, si “mwaka wa pili” hivi hivi. Akaitafuta kwenye simu, akaiandika kwa mkono wake. Shemeji akainama kuisoma. Nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

Kisanduku cha tano na cha sita ni mwaka wa tatu, na huu una mtego wake. Wanafunzi wengi wa vyuo hivi mwaka huo huenda muhula mmoja nchi nyingine. Baadhi ya wale vijana wa Kimarekani unaowaona Nairobi au Zanzibar wakihangaika na Kiswahili, ni wa mwaka huo. Chuo cha St. Lawrence cha jimbo la New York kimekuwa kikileta wanafunzi Kenya tangu miaka ya 1970. Shemeji akachangamka: “Kwani na yeye hawezi kuletwa?” Tukacheka, mtoto wa Mombasa aje Nairobi kufundishwa “habari gani”! Lakini mtego ni huu: msichana anaweza kuwa Iowa mwaka huu, mwakani yuko Ufaransa au Japani, na anayemsubiri alijua anakwenda mahali pamoja. Safari hiyo inaombwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo hakuna kusema “imetokea ghafla”. Imetokea ghafla kwa nani?

Kisanduku cha saba na cha nane ni vya kumalizia. Vyuo vingi vina tasnifu au kazi kubwa ya mwisho, na mtu anakuwa na hasira za ajabu. Hapa pia ndipo linaibuka swali la kurudi. Sheria ya Marekani imekuwa ikimruhusu mwanafunzi wa kigeni kuomba hadi miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na alichosoma baada ya kumaliza. Wengine wanaomba kuendelea na shahada ya pili. Tena kuna jambo ambalo wazazi wetu hawalijui: Marekani udaktari na sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Binti akisema kwenye simu “nadhani nataka udaktari”, mihula minane imeshakuwa nusu ya safari, au pungufu. Bora hilo lisemwe kwenye kisanduku cha pili kuliko cha nane.

Chini ya mstari nikaandika likizo ndefu tatu. Msaada wa karo mara nyingi haumaanishi nauli ya kurudi kila mwaka. Wakati wa masomo mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kazi ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki, na fedha yake si ya kutajirika. Kwa hiyo mkubaliane mapema: likizo ipi ni ya nyumbani, na ipi ni ya kazi au mafunzo. Ahidi moja ya uhakika, usiahidi tatu za hewani. Na viza nayo ina mambo yake. Masharti ya Marekani yamebadilika mara nyingi miaka hii, na nchi kadhaa za Afrika zimebanwa, kwa hiyo kila mmoja auliza ubalozini kwa nchi yake kabla ya kukata tiketi.

“ATAPATA KAZI GANI?”

Shemeji akauliza swali ambalo najua na wewe unalo: mtu aliyeonja onja hivi, akirudi ataajiriwa na nani?

Nikamkumbusha Wangari Maathai. Mwaka 1960 alipelekwa Marekani katika lile wimbi la wanafunzi wa Kenya waliosafirishwa kwa juhudi za akina Tom Mboya. Alisoma katika chuo kidogo cha masista, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, jimbo la Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, na pembeni akasoma kemia na Kijerumani. Kijerumani, msichana wa Nyeri, katikati ya Kansas! Ungekuwa mchumba wake ungeuliza cha nini. Alimaliza 1964. Aliporudi Nairobi alipata kazi katika anatomia ya mifugo chini ya profesa Mjerumani, na mwaka 1967 akaenda Ujerumani kuendelea na utafiti. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, na mwaka 2004 dunia nzima ikamjua kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Simaanishi kila anayeonja Kijerumani atapata Nobel. Nasema somo la pembeni lililochaguliwa kwa moyo laweza kuja kufungua mlango ambao siku ya kulichagua haukuwepo.

Na si lazima Marekani. Patrick Awuah wa Ghana alisoma Swarthmore, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi kwao na mwaka 2002 akafungua chuo cha Ashesi, ambako mwanafunzi wa kompyuta au biashara anasoma pia kuandika, kufikiri na maadili ya uongozi. Kwa anayetaka elimu ya namna hii bila kuvuka bahari, aanzie kuulizia huko.

Ila usisahau: shahada ya nje ikirudi nyumbani hupimwa. Tanzania kuna TCU, na kila nchi ina mamlaka yake. Kama kazi unayoitaka inadai masomo fulani, yajue ukiwa kisanduku cha tatu, yapate nafasi kwenye zile 32.

WEWE UNAYEBAKI

Sasa nageukia kwako unayesindikiza mtu uwanja wa ndege. Usimuulize kila Jumapili, “Umeshachagua?” Utamfundisha kusema uongo kama mimi. Muulize, “Wiki hii umejifunza nini kilichokushangaza?” Utajua anakoelekea kabla hata yeye hajajua. Pili, usiipangie kazi shahada ambayo haijatangazwa. Mwenzangu alishanitafutia meza benki. Kumwangusha yeye nikaweza. Kuiangusha ile meza niliona kama usaliti, ndiyo maana nikakaa kimya.

Tatu, na hili alilifikiria shemeji mwenyewe. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akaomba kalamu. Chini ya visanduku vya mchumba wake akachora vyake nane. “Mimi nami miaka minne sitakaa nikitazama meli,” akasema. Kisanduku cha pili akaandika kusomea cheti cha uwakala wa forodha. Cha tano, kumalizia chumba cha pili kwa wazee. Cha nne akakiacha kitupu.

“Mbona hapa hujaandika?” binti akauliza.

“Hapa ndipo na mimi nitakuuliza,” akamjibu. “Siku hiyo ukitangaza somo, tuulizane na hili letu kama bado tunalitaka. Kwa ukweli, si kwa kuoneana haya.”

Binti akanyamaza. Nilidhani atalia. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kile kisanduku kitupu tarehe ile ile iliyokuwa juu, kisha akasema, “Na wewe utajibu siku hiyo hiyo. Usinisubirishe.”

Msomaji wangu, sijui watajibizana nini. Nao hawajui. Pengine kisanduku cha nne kitawaachanisha, na hilo nalo litakuwa limetokea mbele ya macho yao wote wawili, si sokoni kwa mdomo wa mama. Asubuhi walipopanda basi la Mombasa nilimwona shemeji ameikunja ile karatasi mara nne, ameitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Binti akamwambia apige picha, isije ikaloa jasho.

Kazi kwako. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayejibu “sijachagua”, usimfokee. Mpe karatasi, muulize tarehe.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutazungumzia wale wanaorudi na shahada na kukuta mwenzao naye amekua. Mpaka hapo, pendaneni, na semezaneni ukweli mapema.